Asali Iliyokuwa ya Mtu Mwingine

Mwaka ule sikuweza kutulia. Nikikaa kwenye benchi la chumba cha kufungia vidonda, mguu mmoja ulicheza wenyewe. Nikisimama, mikono ilitafuta kitu cha kukunja, na kisipokuwepo ilikunjua vilivyokwisha kukunjwa. Wenzangu walinitania kwamba nakunywa chai kali ya madereva wa usiku. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepewa kazi ya kungoja, na kungoja sikuwahi kufundishwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa muuguzi wa wodi ya walioungua katika hospitali moja ya Ifakara. Ilikuwa wodi ndogo, imegawanywa kwa pazia: wanawake na watoto upande wa dirishani, wanaume upande wa mlangoni. Haikukosa watu. Walikuja watoto waliomwagikiwa uji, akina mama ambao khanga zao zilishika moto wakipika, wanaume waliochoma mashamba upepo ukawageukia. Dawa yetu ilikuwa krimu nyeupe iliyoletwa kwa makopo kutoka Dar es Salaam. Ilipokwisha, tulifunga vitambaa vya gozi vyenye mafuta na kumwachia Mungu.

Kisha akaja daktari wa utafiti. Alikuwa Mtanzania mwenzetu, mtu wa kaskazini, mwembamba, mwenye haraka kama mimi ila haraka yake ilikuwa na mpangilio. Alitaka kujua kama asali inaponya vidonda vya moto kuliko ile krimu, au sawa nayo, au chini yake. Alinunua asali kwa warinaji wa ng'ambo ya mto, akaichuja mara tatu kwa kitambaa kilichochemshwa, akapeleka kidogo maabara Dar kupimwa kama ina vijidudu, na iliyobaki akaifungia kabatini kwenye chupa za kahawia.

Siku aliyotukusanya kutueleza, mhudumu mmoja mtu mzima alicheka. "Daktari, bibi zetu walijua asali zamani."

"Walijua," akajibu. "Mimi nataka kujua kama walijua sawasawa."

Halafu akatuonyesha kasha la bati lenye bahasha. Kila bahasha ilikuwa na namba na imefungwa kwa gundi, na ndani yake karatasi yenye neno moja tu: asali, au krimu. Mgonjwa akikubali kuingia kwenye utafiti, anatia sahihi au dole gumba, kisha mimi nafungua bahasha inayofuata kwa zamu ya namba. Neno nitakalolikuta ndilo dawa yake.

"Hata mimi sijui kilichomo," alisema. "Na wewe, dada, usijue mpaka umefungua. Ukianza kuchagua, hatutajua kilichoponya ni dawa au ni huruma yako."

Nikasema nimeelewa. Na kweli nilielewa. Kichwa kilielewa.

Mgonjwa wa kwanza aliyeangukia asali alikuwa mtoto aliyemwagikiwa chai mgongoni. Kidonda chake kilikauka kisafi, bila ile harufu inayoingia kwenye nywele mpaka nyumbani wanakuuliza umetoka wapi. Wa pili naye alipona vizuri. Basi nikaanza kuipenda asali. Nikifungua bahasha nikakuta neno hilo, moyo unapanda. Nikikuta krimu unashuka, na wagonjwa wakaniona usoni.

"Dada," daktari aliniambia siku moja, "uso wako utaniharibia utafiti."

Tukacheka wote wawili. Mimi nilicheka zaidi.

Yule mwanamke aliletwa wakati wa masika, asubuhi, juu ya lori la mpunga lililotoka Sanje. Umri wake haukuzidi miaka ishirini na miwili. Mkono wa kulia ulikuwa umeungua kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Mama mkwe wake ndiye aliyemleta, na nilipomlaza kitandani, mama yule alisimama hatua mbili nyuma, mikono ameikunja kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Ameunguaje?"

Akatazama mlangoni kwanza. "Aliangukia jikoni. Ana kifafa."

"Alikaa motoni muda gani?"

"Mpaka alipojiviringisha mwenyewe akatoka."

"Na ninyi mlikuwa wapi?"

"Tulikuwepo." Alisema hivyo bila kuficha, akitazama sakafu. "Mwanangu, lile povu likikugusa..." Hakumaliza.

Hakuhitaji kumaliza. Mimi nilizaliwa milimani, upande wa Mahenge, ambako ugonjwa huo uko katika nyumba nyingi. Tulikua tukiambiwa kwamba aliyeanguka asiguswe mpaka ainuke mwenyewe, kwa maana povu lake linaambukiza. Nilipokuwa darasa la nne msichana mwenzetu alianguka uwanjani tukiwa mstarini, na shule nzima ilikimbia. Mwalimu wa zamu naye alikimbia. Chuoni nilifundishwa kwamba hauambukizwi hivyo, nikaandika kwenye mtihani, nikapata alama. Kwa hiyo nilimkasirikia mama yule kwa hasira ya mtu aliyesoma, ambayo ni hasira rahisi sana.

Daktari alikuja, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda, akamweleza yule mwanamke habari za utafiti taratibu. Alisikiliza macho yakiwa darini.

"Ipi inauma kidogo?" akauliza.

"Asali huchoma mwanzoni. Krimu ni baridi."

"Na ipi inarudisha mkono?"

"Sijui. Ndicho tunachokitafuta."

"Basi mnakitafuta kwangu."

"Kwako na kwa wengine," alisema daktari. "Na ukikataa utatibiwa kama kawaida, hakuna atakayekununia."

Alifikiri kidogo, akakubali. Akaweka dole gumba la kushoto, maana la kulia lilikuwa limeungua. Daktari akaitwa chumba cha upasuaji, nikabaki peke yangu na kasha.

Nikafungua bahasha. Krimu.

Niliutazama mkono ule. Ulikuwa mkono wa kupeta mchele, wa kubeba mtoto, na nyumbani kwao watu walikuwa wameshautazama ukiungua. Nikajisemea, huyu ameshaonewa kiasi cha kutosha. Nikafungua bahasha iliyofuata. Asali. Nikaandika jina lake kwenye namba hiyo ya pili, nikarudisha karatasi ya kwanza kwenye bahasha yake, nikaibandika kwa gundi nikaiweka mbele kana kwamba haijaguswa. Jambo lote lilichukua muda mfupi kuliko kunawa mikono.

Kesho yake alikuja mvuvi kutoka Kivukoni, mtu wa miaka hamsini hivi. Karai la mafuta ya kukaangia samaki lilikuwa limempindukia mguuni. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na kidonda chake, ingawa kibaya, hakikumnyamazisha. Aliposikia habari za utafiti alifurahi.

"Asali naijua mimi. Nimeila tangu mtoto. Nipakeni hiyo."

"Hatuchagui, baba. Karatasi ndiyo inayosema." Nikafungua ile bahasha niliyoibandika mwenyewe. "Imesema krimu."

"Haya. Karatasi imesoma kuliko mimi."

Sikuweza kumtazama. Nikasingizia kutafuta mkasi uliokuwa mfukoni mwangu.

Utaratibu ulikuwa kufungua vidonda kila baada ya siku mbili, kuosha kwa maji ya chumvi, kupima ukubwa, kuandika, kufunga. Kwa mvuvi niliufuata. Kwa yule mwanamke nilishindwa. Nilipita kando ya kitanda chake mara kumi kwa siku, nikiinua ukingo wa bendeji, nikinusa. Siku ya pili tu nilimfungua kabla ya wakati nikisema bendeji imelowa, na haikuwa imelowa. Kidonda kilionekana kizuri. Au nilikiona kizuri.

Sisimizi ndio waliojua asali iko wapi. Walitambaa sakafuni, wakapanda miguu ya kitanda, wakamwingia kitandani. Yule mwanamke alikuwa akiwapangusa kwa mkono wa kushoto, hasemi kitu. Tukaweka miguu ya vitanda ndani ya makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo, wodi ikanuka mafuta hayo. Mvuvi akapiga kelele kutoka upande wake wa pazia kwamba afadhali yeye, krimu haialiki wageni. Kwa mara ya kwanza nilimwona yule mwanamke akitabasamu.

Baada ya wiki moja na siku kadhaa, nilifungua nikakuta rangi ya kijani pembeni mwa kidonda, karibu na kidole kidogo. Harufu ilikuwa tamutamu, na haikuwa ya asali. Mama mkwe alikuwa mlangoni ameshika bakuli la uji. Nilifunga haraka kama mtu anayefunika sufuria iliyoungua, nikaenda kumwita daktari.

Alitazama kwa muda mrefu. Akachukua usaha kwa pamba kupeleka maabara, akaamuru tuache asali, tuoshe mara mbili kwa siku, tuanze sindano.

"Hutokea," alisema nje ya wodi. "Hata kwa krimu ingetokea, labda."

Hiyo labda yake niliondoka nayo. Nilitoka kazini jioni ile na baiskeli yangu, nikafika soko la mchele, nikageuza nikarudi wodini. Nilikuwa sina cha kufanya huko. Aliyekuwa zamu aliniuliza nimesahau nini, nikasema mwavuli. Mwavuli ulikuwa umefungwa kwenye baiskeli anauona.

Usingizi ulikuwa wa kukatikakatika. Na huku mguu wa mvuvi ulikuwa unapona vizuri ajabu. Ngozi mpya ilikuja kutoka pembeni kuelekea katikati, nyekundu, safi. Kila nilipopima na kuandika namba ndogo kuliko ya juzi, mkono wangu ulikuwa mzito, kana kwamba napima kitu alichokiiba, hali aliyeiba nilikuwa mimi.

Mchana mmoja, saa ya kutazama wagonjwa, watu wakiwa wamejaa na vikapu vyao, nilikuwa natandika kitanda jirani. Nilisikia sauti, si ya kilio, kama ya mtu aliyekabwa. Nikageuka. Yule mwanamke alikuwa amesimama kando ya kitanda chake, shingo imepinda, macho yamekwenda juu. Akaanguka. Mwili ukakaza, kisha ukaanza kutikisika, na ule mkono wenye bendeji ukawa unapigapiga chuma cha kitanda.

Wageni walikimbilia mlangoni. Hilo sikulishangaa. Lililonishangaza ni miguu yangu. Ilirudi nyuma. Hatua moja, ya pili, mpaka mgongo ukagusa dirisha. Nilikuwa na sare nyeupe, nilikuwa na cheti, na nilikuwa nimesimama mbali kuliko alivyosimama mama mkwe wake siku ile ya kwanza.

Pazia likafunguka. Mvuvi alikuja akichechemea, akaketi sakafuni, akamgeuza ubavuni, akaushika mkono ule wenye kidonda akauinua juu, hewani, usipige kitu. Alikuwa ametulia kama mtu anayeshikilia kamba ya mtumbwi.

"Nesi," alisema bila kugeuka, "leta kitambaa."

Nikaleta. Hapo ndipo miguu iliponitii. Nikapiga magoti, nikampangusa mdomo, nikamlaza kichwa kwenye shuka iliyokunjwa. Mtikisiko ukapita. Akabaki anahema, amelala usingizi ule mzito unaokuja baada yake. Povu lilikuwa kwenye mkono wa mvuvi mpaka kwenye kiwiko. Akalifuta kwa shuka yake.

"Baba, huogopi?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Naogopa," akasema. "Lakini mkono huu ungevunjika."

Nilimwachia mgonjwa muuguzi mwenzangu, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa daktari, glavu zikiwa bado mkononi. Alikuwa anaandika. Sikukaa.

"Daktari, nilibadilisha bahasha."

Akaweka kalamu. "Ipi?"

Nikamwambia. Nikamwambia zilikuwa mbili, ya mwanamke wa Sanje na ya mvuvi. Nikamwambia sababu, maneno yakitoka yakigongana, nikasema huruma, nikasema kifafa, nikasema mtoto wa kwanza aliyepona mgongo. Aliniacha mpaka nikaishiwa.

"Ulijua asali ni bora," alisema.

"Nilidhani."

"Mimi nimesoma miaka yote hii na sijui. Wewe ulijua kwa wagonjwa wangapi? Wawili, watatu?" Hakupaza sauti. Ningefurahi kama angepaza. "Wale watu wawili wameumia, wamekubali tujifunze kutokana na maumivu yao. Sasa hatutajifunza kitu. Hilo ndilo ulilowanyang'anya."

"Mkono umeharibika kwa sababu ya asali?"

"Sijui! Hata hilo siwezi kukwambia. Huenda ni vijidudu vya wodi. Huenda ni kwa sababu umefunguliwa mara nyingi kuliko ilivyotakiwa." Alinitazama. Kumbe alikuwa ameona. "Huenda krimu nayo ingeshindwa. Huenda isingeshindwa. Ukishavuruga, hujui tena."

Akanipa kitabu cha utafiti na kalamu yake, nikaandika kwa mkono wangu nilichofanya, siku na namba, nikatia sahihi. Alisema atawaandikia wanaosimamia utafiti Dar es Salaam, na aliwaandikia. Mimi nikapewa barua ya onyo, na kasha la bahasha likahamishiwa kwa mfamasia. Lakini hakuniondoa kwenye chumba cha vidonda. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hana mwingine anayejua kufunga mkono uliokaza. Kisha akaongeza, "Na utawaambia wao wenyewe. Wote wawili. Mimi nitakuwepo, lakini utasema wewe."

Mvuvi nilimwambia nikiwa namfunga mguu. "Baba, asali ilikuwa yako. Nilimpa yule dada, wewe nikakupa krimu iliyokuwa yake."

Aliuzuia mkono wangu uliokuwa ukifunga. "Mimi nimepona kwa dawa yake."

"Ndiyo."

"Na yeye ameharibikiwa kwa yangu?"

"Sijui, baba. Hakuna anayejua."

Aliutazama mguu wake kama wa mtu mwingine. Siku mbili baadaye aliruhusiwa, na kabla ya kuondoka alipita upande wa pili wa pazia akamwachia yule mwanamke fungu la samaki wakavu walioletwa na ndugu zake. Hawakuzungumza sana. Mimi aliniaga kwa kichwa tu.

Yule mwanamke alinisikiliza mpaka mwisho. Daktari alisimama nyuma yangu.

"Ulinichagulia," alisema.

"Ndiyo."

"Nyumbani nachaguliwa kila kitu. Usiende kisimani, usiende harusini, usibebe mtoto wa mtu. Hapa nilipoulizwa nikaweka dole, nikadhani nimeulizwa."

Akageukia ukuta. Kwa siku tatu, asubuhi nikija na trei, aliunyoosha mkono kama mtu anayetoa kitu kisicho chake, nikaosha, nikafunga, akaurudisha.

Vijidudu vilikwisha kwa sindano. Mkono ulipokuwa mwekundu na safi, daktari wa upasuaji alichukua ngozi pajani akaipandikiza mkononi. Siku tano hatukuruhusiwa kufungua. Siku tano hizo sikuinua hata ukingo wa bendeji. Nilipanga kabati la wodi mara tatu. Nilifua mapazia ambayo hayakuwa na zamu ya kufuliwa. Tulipofungua, ngozi ilikuwa imeshika, yote isipokuwa kipande kidogo karibu na kiganja. Mkono ulipona. Kidole kidogo na cha pete vilibaki vimekunjamana kuelekea ndani, na kunyooka tena havikunyooka. Tukamwanzishia vidonge vya kifafa, ambavyo kumbe hakuna aliyewahi kumwambia kwamba vipo.

Utafiti ulitaka kila mgonjwa atembelewe nyumbani baada ya miezi mitatu. Daktari aliniambia nami niende, kwa hiyo nilipanda gari la mradi tukaelekea Sanje, ukingo wa milima ya Udzungwa ukiwa upande wetu wa kushoto, migomba ikigusa madirisha. Mama mkwe alitupokea vizuri, akanipa kigoda. Nikakaa, nikainuka. Nikaenda jikoni, kibanda cha nyuma. Mafiga matatu yalikuwa sakafuni, majivu yamezunguka, na pembeni pale pale, mkeka.

"Mama, mafiga haya ndiyo yale?"

"Ndiyo hayo hayo. Sasa mwanangu, tupikie wapi?"

"Anakaa hapa karibu?"

"Akiwa na vidonge haanguki. Vikiisha..." Akainua mabega.

Nikamuuliza jembe liko wapi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichuguu, na udongo wa kichuguu ukichanganywa vizuri unashika kama saruji. Tulianza kuchimba, mimi na yeye, mimi nikiwa na viatu vya kazini. Nia yangu ilikuwa kuinua jiko mpaka kiunoni, lenye mdomo mdogo wa kuni, ambalo mtu akianguka ataangukia ukuta wake. Daktari alitufuata, kipimio mkononi.

"Dada, tuna wagonjwa wengine wawili Kidatu. Hili halimo kwenye utafiti."

"Najua."

Alitazama saa yake. Akaenda kumpima yule mwanamke mkono, akaupiga picha, akaandika. Kisha nikamwona anarudi kutoka bombani, suruali imekunjwa, na ndoo ya maji.

Yule mwanamke alikuja kukanda udongo pamoja nasi. Alitumia mkono wa kushoto kuchota na wa kulia kulainisha, vile vidole viwili vilivyokunjamana vikipita juu ya ukuta wa jiko kama kijiko. Mama mkwe alipokwenda kuongeza majani makavu, akaniambia bila kunitazama:

"Walinisimulia kwamba siku ile nilipoanguka wodini ulirudi nyuma."

"Ni kweli."

"Ukaja baadaye."

"Nilikuja baadaye."

"Nikianguka sasa hivi?"

"Nitakushika."

"Wote husema hivyo nikiwa nimesimama," alisema, akaendelea kulainisha.

Hakuanguka siku ile. Tuliondoka jiko likiwa bado bichi, halina uzuri wowote, limeegemea upande mmoja. Njia nzima ya Kidatu nilikuwa nakwangua udongo kwenye kucha, nikifikiria kama litapasuka likikauka. Lilipasuka. Mama mkwe alilisiliba mwenyewe, nilisikia baadaye, tena akalifanya kubwa zaidi.

Utafiti uliisha mwaka uliofuata. Daktari alitukusanya tena akatueleza: asali na krimu havikutofautiana sana kwa vidonda vya aina tuliyoitibu, asali ilipunguza harufu, krimu ilipunguza uchungu, ingehitajika wagonjwa wengi zaidi kujua mengine. Yule mhudumu aliyemcheka mwanzoni aliuliza kama basi bibi zetu walijua sawasawa. "Nusu," alisema daktari. Kwenye taarifa aliyotuachia kulikuwa na aya fupi kuhusu wagonjwa wawili walioondolewa kwenye hesabu kwa sababu ya kosa la ugawaji. Mstari mmoja na nusu. Nimeusoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa.

Nilibaki wodini, na Jumanne nilisaidia kugawa vidonge kwenye kliniki ya kifafa iliyoanzishwa baadaye. Yule mwanamke alikuja kila mwezi kwa basi. Wakati mwingine alichelewa, barabara ikiwa mbaya, na vidonge vikawa vimeisha siku mbili tatu kabla. Jumanne moja ya namna hiyo alianguka kwenye foleni, juani, mbele ya dirisha langu. Nafasi ikafunguka kumzunguka kama kawaida. Mimi nilikuwa na trei ya vikombe vya vidonge. Sijui niliiacha wapi, waliviokota wengine. Nilikuwa chini, nimemgeuza ubavuni, kichwa chake mapajani mwangu, nimeushika ule mkono wa vidole viwili vilivyokunjamana, na nilikuwa naogopa, naogopa kabisa, povu likinilowesha sare. Mwanamume mmoja kwenye foleni akaniambia, "Sista, muache, atainuka mwenyewe." Nikaendelea kumshika.

Alipozinduka alitazama watu, akanitazama mimi, akatazama jua.

"Saa ngapi?" akauliza. "Basi la Sanje limeondoka?"

"Bado," nikamwambia. "Pumzika kwanza."

"Siwezi kupumzika, litaniacha," akasema, na tayari alikuwa anatafuta kandambili zake.